Stata ya Volkswagen Beetle: Uteuzi na Ufungaji

Stata ni mota ya umeme ambayo, ikipata nguvu ya betri, huuzungusha mhimili wa injini mpaka moto ushike ndani ya silinda na injini ijiendeshe yenyewe. Na tangu Cadillac ilipoifunga katika magari yake ya 1912, kwa ufundi wa Charles Kettering, madereva waliepukana na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, ambayo ilikuwa ikivunja mikono ya watu.

Mintarafu ya Beetle, gari lililopata sifa Afrika ya Mashariki kwa kushinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, anayechagua stata asitazame nguvu peke yake. Magari ya awali yalikuwa na umeme wa volti 6 na flaiwili, gurudumu la injini linalozungushwa na stata, yenye meno 109, ilhali mengi ya tangu miundo ya 1967 yana volti 12 na meno 130; flaiwili hizo hazilingani kipenyo, na pinioni (gia ndogo ya stata) isiyo yake huyala meno mpaka injini ing'olewe, hasara ipitayo mbali thamani ya stata. Basi meno na yahesabiwe kabla ya kuuliza bei: stata ikishatolewa, meno huonekana katika tundu lake, na injini huzungushwa taratibu kwa spana kwenye puli, jino la kwanza likiwa limetiwa alama ya chaki.

Jambo linalosahauliwa mno ni bushi. Ncha ya mhimili wa stata hii haina mshiko wake, bali huzunguka ndani ya bushi ya shaba iliyopigiliwa katika ganda la gia boksi. Bushi ikilika, mhimili huyumba, amecha, yaani kiini kinachozunguka ndani ya stata, hukwaruza sumaku, na stata huvuta kwa uzito hata mtu akadhani betri imekufa. Kwa kuwa unene wa mhimili wa volti 6 si ule wa volti 12, stata mpya hudai bushi yake. Ila zipo stata za ncha iliyojishika zisizoihitaji kabisa.

Katika nyanda za juu za Gitega nchini Burundi, kama Ryansoro, ambako baridi ya alfajiri huifanya oili kuwa nzito, mteremko humsaidia dereva ambaye stata yake imeharibika kuwasha gari bila hiyo, walakini injini ikizimika bondeni hana tena hila ila kusukumwa.

Wakati wa kufunga, waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza, bushi mpya hupakwa grisi kidogo, na nyuso za chuma husuguliwa zing'ae. Boliti ni mbili, na ya juu ndiyo ileile inayoshika injini na gia boksi, hivyo sharti ikazwe barabara. Gia boksi imekalia mipira isiyopitisha umeme, kwa hiyo mkondo hurudi bodini kwa utepe wa ardhi uliofungwa mbele yake. Utepe huo ukiota kutu, stata nzima kabisa hutoa mlio mmoja tu wa solenoidi (swichi yake ya sumaku) na kunyamaza, nayo ikalaumiwa bure.