Taa, Benki na Mtawa: Historia Iliyomo Ndani ya Kanji Moja

Sisi wanafunzi wa uhakiki tumezoea kugombania maana ya matini. Maneno yenyewe tunayachukulia kuwa yapo, yameshasomwa, na kazi iliyobaki ni kuyafasiri tu. Katika makala haya nakusudia kuitikisa kidogo imani hiyo kwa mfano wa kutoka mbali, yaani Japani, ambako msomaji anaweza kuwa na shairi mbele yake, kila herufi nzima, wino haujafifia, na bado asijue shairi lile linatamkwaje.

Mada yangu ni usomaji adimu wa kanji, yaani zile namna za kusoma ambazo vitabu vya wanaoanza huziweka mwishoni au huziacha kabisa. Tangu nianze kujifunza maandishi hayo nimekutana mara nyingi na ushauri kwamba mwanafunzi asizihangaikie, atakutana nazo huko mbele. Kama shabaha ni kukata tiketi ya treni, sina ubishi. Kwa mtu wa fasihi, hata hivyo, ushauri huo una hasara, maana unamnyima sehemu ile ya herufi ambayo historia yake bado inaonekana.

Hebu tuichukue kanji hii: 行. Maana yake ya msingi ni kwenda, na pia kutenda. Mjapani akisema neno lake la asili la kwenda, iku, huliandika kwa kanji hiyo. Akisema kutenda, okonau, ni hiyo hiyo. Usomaji wa namna hiyo, ambapo neno la Kijapani limevishwa herufi ya Kichina, huitwa kun. Upo usomaji wa pili, on, unaofuata sauti ya Kichina kama masikio ya Wajapani yalivyoipokea. Hapa ndipo kasheshe inapoanza, kwa kuwa kanji yetu ina on tatu. Katika ginko, yaani benki, inasomwa ko. Katika gyoja, mtu aliyejitolea kwa mazoezi magumu ya kidini, inasomwa gyo. Katika andon, taa ya kizamani ya fremu ya mbao iliyozungushiwa karatasi, inasomwa an. Ko, gyo, an. Ukizisikia zote tatu gizani huwezi kudhani ni ndugu.

Ni ndugu kweli, ila walishuka bandarini kwa nyakati tofauti. Gyo ni wa tabaka la zamani liitwalo go-on, lililoingia kuanzia kama karne ya 5 na ya 6 pamoja na Ubudha, likiwa na lafudhi ya China ya kusini, na sehemu yake ikipitia ufalme wa Baekje katika Korea. Baadaye Japani ilianza kupeleka wajumbe moja kwa moja kwenye dola ya Tang, safari zilizoanza mwaka 630 na kukoma katika karne ya 9. Wanafunzi na watawa waliokwenda nao walikaa Chang'an, mji mkuu, wakasikia Kichina kingine. Kule sauti nzito ya mwanzo ilikuwa imelainika na kuwa h. Na kwa kuwa Kijapani cha enzi hizo hakikuwa na h, wakaipokea kama k. Ndiyo ko, wa tabaka la kan-on. Halafu, kuanzia karne ya 12 na 13, watawa wa Zen wakaja na matamshi mapya ya China ya wakati wao, ambamo Wajapani hawakuidaka tena sauti ile ya mwanzo. Ndiyo an, wa tabaka liitwalo to-on. (Wenzangu wa isimu watanisamehe kwa kurahisisha.)

Anayeona jambo hili ni la ajabu za Mashariki ya Mbali asikilize Kiswahili chake mwenyewe. Bara tunasema shule, neno la Wajerumani. Zanzibar watu husema skuli, neno la Waingereza. Asili ya maneno hayo mawili huko Ulaya ni moja, lakini yamepita milango miwili, na kila moja linasema nani alikuwa mtawala wa wapi. Tofauti ni kwamba sisi tunayaandika mbalimbali kama yanavyotamkwa. Mjapani angeyaandika yote mawili kwa alama moja na kumwachia msomaji ajue yuko Tanga au Unguja.

Serikali iliziona tofauti hizo mapema. Katika miaka ya 790, chini ya Mfalme Kanmu, zilitoka amri za kuwataka wanafunzi wa vitabu vya Kichina, na hata watawa, wafuate kan-on, matamshi ya mji mkuu wa Tang. Lafudhi ya zamani ilionekana ya kishamba. Wasomi wa dola walitii. Watawa, kwa upande wa sutra zao, waliendelea na go-on, na mpaka leo kanji ya kitabu kitakatifu inasomwa kyo hekaluni na kei katika neno la uchumi, keizai. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko waraka wowote wa sera: amri ilitolewa, na mdomo wa waumini ukaikataa kimyakimya kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili.

Tabaka la tatu halikuwa na mfalme wa kulitetea. Lilikuja na vitu na desturi za watawa, ndiyo maana leo linaishi kwenye maneno machache tu, mengi yakiwa ya nyumbani: futon ya kulalia, isu ya kukalia, noren, lile pazia fupi la mlangoni mwa duka, na andon yetu. Lipo pia neno angya, safari ya mtawa kwa miguu kutoka hekalu hadi hekalu, ambalo linaanza na kanji ile ile ya kwenda. Mtalii wa kawaida anafanya ryoko, kwa kan-on. Mshairi Matsuo Basho, alipotembea mikoa ya kaskazini mwaka 1689, safari yake wahakiki huiita angya. Herufi ya mwendo ni moja, lakini kwa kuisoma an unamvisha msafiri joho la mtawa. Mwanafunzi aliyeambiwa an si muhimu atakosa hilo joho.

Hata hivyo, mahali ambapo suala hili linakuwa la kufa na kupona ni Man'yoshu, mkusanyo wa kale wa mashairi zaidi ya 4,500 uliokamilishwa katika nusu ya pili ya karne ya 8. Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 759. Wakati huo alama za kana, zinazoandika sauti peke yake, zilikuwa hazijapatikana. Waandishi walitumia kanji kwa kila kazi: pengine kwa maana, pengine kwa sauti tu bila kujali maana, na pengine kwa mzaha. Tarakimu za 16 zinasomwa shishi, mnyama wa mawindo, kwa sababu shi ni nne, na nne mara nne ni kumi na sita. Tarakimu za 81 zinasomwa kuku, kwa kuwa ku ni tisa. Pana mahali pameandikwa maneno yenye maana ya "juu ya mlima kuna mlima tena", na msomaji anatakiwa atambue kwamba kanji 出 inafanana na milima miwili iliyopandana, kisha asome ide, kutoka. Kitendawili ndani ya shairi, jamani! Mtunzi alijua hadhira yake itategua.

Hadhira ilikufa. Mwaka 951, yaani miaka 192 tu baada ya shairi lile la mwisho lenye tarehe, Mfalme Murakami alilazimika kuwapa wasomi watano kazi ya kuisoma Man'yoshu, kwa maana ya kuwekea herufi zake matamshi. Si kwamba maandishi yalikuwa yamepotea au kuliwa na mchwa. Kilichopotea ni usomaji. Watano hao walifanya kazi kubwa, wengine wakaendelea baada yao, na bado mtawa Sengaku alipoifikia mwaka 1246 alikuta mashairi 152 hayajawekewa usomaji, akayawekea. Kuna maneno ambayo wataalamu wanabishania hadi leo. Tunaoshughulika na tenzi za kale hatuna haki ya kushangaa: hati za Kiarabu kama zilivyotumika kwa Kiswahili kwa kawaida hazikutenganisha i na e, wala u na o, na kila anayehariri mswada anachagua irabu kabla hajafika kwenye maudhui.

Sasa turukie karne ya 20. Baada ya vita, mwaka 1946, serikali ya Japani ilitoa orodha ya kanji 1,850 za matumizi ya kawaida, na mwaka 1948 ikafuata orodha ya namna zinazokubalika za kuzisoma. Kanji ya samaki, 魚, iliruhusiwa kusomwa gyo na uo. Sakana, neno ambalo kila mtu analitumia sokoni, halikuwemo! Asili ya sakana ni kitoweo cha kunywea pombe, na uo ndilo neno la kale la samaki. Mpaka mwaka 1973 ndipo sakana ikaingizwa. Kwa miaka 25, basi, usomaji uliokuwa mdomoni mwa taifa zima ulikuwa nje ya orodha. Kumbe "adimu" wakati mwingine ni neno la afisa, wala halihusu watu wanavyosema.

Orodha mpya ya mwaka 1981, yenye kanji 1,945, ilipata ustaarabu mwingine. Usomaji wenye matumizi finyu uliwekwa, ila ukasukumwa ndani kwa nafasi ya herufi moja kuliko wenzake. An ya andon iko hapo, imejitenga kidogo na ukingo wa safu, kama mgeni aliyekaribishwa akae karibu na mlango. Orodha ya mwaka 2010 ilifikisha kanji 2,136, na ndiyo iliyokubali rasmi kwamba kanji ya mimi inaweza kusomwa watashi, jinsi Wajapani wengi wanavyojitaja kila siku. Kabla ya hapo ilikubali watakushi tu.

Uwanja mmoja ulibaki huru: majina ya watu. Mtawala wa kijeshi Minamoto no Yoritomo, aliyepewa cheo cha shogun mwaka 1192, ana tomo katika jina lake inayoandikwa kwa kanji ya asubuhi, ambayo kwingine husomwa asa au cho. Sheria ya usajili wa familia baada ya vita iliwekea mipaka kanji za majina ya watoto, lakini haikugusa zinavyosomwa. Wazazi wakajitanua. Tarehe 26 Mei 2025 mabadiliko ya sheria hiyo yalianza kutumika: usomaji wa jina sasa unaandikwa kwenye daftari la familia, na uwe ule unaokubalika kwa jumla. Mtu ambaye jina lake tayari linasomwa kwa namna isiyo ya kawaida anaweza kutakiwa kuthibitisha kwamba kweli ndivyo anavyoitwa, kwa kuonyesha pasipoti, kwa mfano, au kitabu chake cha benki.