Breki Inazama Kama Sponji? Fanya Hizi Testi Kabla Hujateremka Kiboswa

Wacha tuseme uko na ile Corolla 110 ya mzae, ama Probox ya kubeba mzigo, ama Nissan B13 yenye imekuzidi umri. Umetoka Lurambi fiti, umefika tao, unakanyaga breki na inaingia ndani kuliko jana. Unakanyaga mara ya pili, inashika. Unajiambia "si imeshika" na unaendelea na shughuli zako.

Msee, hapo ndio ngori huanza. Breki ya kupampu ni breki mgonjwa. Na barabara yetu haina huruma: Kakamega iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko kama 1,130. Ukishapita Majengo na Gambogi, ule mteremko wa Kiboswa kuelekea Mamboleo gari inajisukuma yenyewe. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Poa ni kwamba pedali husema ukweli. Vile inalegea ndio itakuonyesha shida iko wapi, hata kabla fundi aanze kukutajia bei ya spea. Unahitaji tu mahali tambarare, tochi na dakika kumi.

Kwanza, jua breki inafanyaje

Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwa paipu hadi kwa magurudumu. Mafuta hayabanwi, kwa hivyo nguvu ya mguu wako inafika yote. Hewa inabanwa. Ikiingia kwa paipu, mguu wako unakazana kubana hewa badala ya kusimamisha gari. Mafuta yakivuja, nguvu inapotelea njiani. Karibu kila breki laini inaanzia kwa moja ya hizo mbili, ama kwa kitu kimelegea huko kwa gurudumu.

Testi ya injini ikiwa imezimwa

1. Zima gari. Pampu breki mara nne au tano hadi pedali iwe ngumu. Hapo umemaliza nguvu ya busta, sasa unasikia mafuta peke yake.
2. Kanyaga na mguu thabiti, shikilia kwa sekunde 30 hadi dakika moja. Usipampu tena.
3. Mguu ukiwa bado hapo, washa injini. Pedali ikishuka kidogo kisha isimame, usishtuke: hiyo ni busta inafanya kazi yake. Ikiendelea kushuka, kuna shida.

Sasa sikiliza pedali

*Inadunda kama sponji, na ukipampu inapanda.* Hiyo ni hewa. Mara nyingi iliingia wakati breki zilifunguliwa na hazikutolewa hewa vizuri, ama mafuta yaliisha kwa mkebe. Lakini jiulize iliingilia wapi, juu mfumo mzima haunyonyi hewa bila sababu. Kwa gari nzee, pia angalia ile mipira ya breki inaingia kwa magurudumu. Mwambie mbogi yako akanyage huku wewe umeshika mpira. Ukifura kwa mkono wako, umechoka.

*Inazama polepole ukiishikilia, hadi karibu na sakafu.* Kama mafuta kwa mkebe yanapungua, kuna mahali yanavuja. Kama hayapungui hata kidogo, mshukiwa wa kwanza ni masta silinda: raba za ndani zimeisha na mafuta yanarudi nyuma badala ya kuenda kwa magurudumu. Hii ndio mbaya kuliko zote. Gari ikae hapo, fundi aifuate.

*Ya kwanza iko chini, ya pili iko juu na ni ngumu kabisa.* Hapo pengine masta silinda haina makosa. Gari nyingi za zamani ziko na dramu nyuma, na viatu vya breki vikiisha vinakaa mbali na dramu. Mafuta mengi yanatumika kuvisongesha tu. Dawa ni kuadjasti ama kuvibadilisha. Kama iko hivyo baada ya kupita mashimo ama kukata kona, cheki beringi za mbele. Gurudumu likicheza, linasukuma padi nyuma.

*Asubuhi iko sawa, baada ya mteremko inakuwa laini.* Mafuta yamechemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka kwa hewa, na Kakamega ni kati ya sehemu za Kenya zenye mvua nyingi. DOT 3 mpya haifai kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishaingia maji, hata kama asilimia 3.7, kiwango kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Breki zikipoa, pedali inarudi fiti na unasahau. Ndio maana kampuni nyingi za magari husema mafuta yabadilishwe karibu kila miaka miwili.

Usichanganye hii na breki yenye pedali ni ngumu lakini gari haisimami. Hiyo ni padi zimepata moto kupita kiasi, ama busta imelala.

Pitia gari na tochi

Angalia mkebe. Mafuta yawe kati ya MIN na MAX. Yakiwa mapya yanafanana na mafuta ya kupika. Yakiwa na rangi ya strungi, yamezeeka. Kushuka pole pole kwa miezi ni kawaida padi zikiisha, lakini kushuka kwa wiki moja ni kuvuja.

Kisha angalia ndani ya kila gurudumu, chini ya dramu, kwa kalipa na kwa kila kiungo cha paipu. Inua zulia chini ya pedali. Kama mafuta yanapungua na huoni tone popote, masta silinda inaweza kuwa inamwagia busta kwa nyuma. Lazima ifunguliwe kidogo kuangaliwa.

Na usiweke kitu kingine kwa huo mkebe. Oili ya injini ama ya sterin itafurisha raba zote za mfumo, na shida ya mpira mmoja itakuwa bili ya breki nzima.

Kutoa hewa bila kuua masta silinda

Gari nyingi za usukani wa kulia huanzia gurudumu la mbali: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Zingine ziko na mpangilio wao, hasa zenye ABS, kwa hivyo hakikisha ya gari yako. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipeli, mafuta na mapovu yanatoka kwa paipu ya kuonekana ndani, nipeli inafungwa, *ndio* mguu unaachiliwa. Mkebe usiishe katikati ya kazi, utaanza upya.

Siri ya gari nzee: weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Ndani ya masta silinda kuna sehemu raba hazijawahi kufika, na huko kumejaa kutu na uchafu. Ukikanyaga hadi mwisho, raba zinapita huko na kuraruka. Unaingia na shida ya hewa, unatoka na shida ya masta silinda.

Ikikuzamia tayari uko kwa mteremko

- Pampu haraka haraka.
- Shusha gia moja moja. Kwa otomatiki, weka 2 kisha L.
- Vuta hendibreki pole pole ukishikilia kitufe. Inatumia waya, haitegemei mafuta.
- Usizime injini. Utapoteza nguvu ya busta na sterin.

Na ile tabia ya kushuka na nyutro ndio usave petroli, wacha. Unaachia breki kazi yote, na ndio hapo mafuta huchemka.

Cha kuambia fundi

Usiende tu na "breki ni laini". Sema: "Inazama nikiishikilia, na mkebe haupungui," ama "Ya kwanza chini, ya pili ngumu." Akiongeza mafuta tu na kusema iko sawa, muulize yale mengine yalienda wapi. Akikosa jibu, hiyo gari bado haijatengenezwa, na Kisumu utaenda na mat.