Silas Mayunga

Luteni Jenerali Silas Mayunga, maarufu kwa jina la Mti Mkavu, alikuwa kamanda wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) katika Vita vya Kagera.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mayunga alikuwa brigedia. Mwaka uliofuata aliongoza Brigedi ya 206 kuingia Uganda. Februari 1979 brigedi hiyo iliteka Mbarara, huku Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ikiteka Masaka. Alipandishwa cheo kuwa meja jenerali na kukabidhiwa kikosi maalumu, yaani brigedi yake ya zamani pamoja na Brigedi ya Minziro, kilichosonga kaskazini kupitia Uganda ya magharibi. Simulizi nyingi za vita hivyo huishia Kampala, iliyoanguka 11 Aprili. Safari ndefu ya kikosi cha Mayunga inastahili kukumbukwa zaidi. Mapigano yenyewe hayakukoma hadi 3 Juni 1979.