Jirani Mtunza Silaha

Desemba 1977, polisi wa Dublin walimkamata Seamus Twomey, mkuu wa majeshi wa IRA, jeshi la siri lililotaka kuwaondoa Waingereza Ireland Kaskazini. Katika karatasi zilizonaswa kulikuwa na ripoti ya ndani. Nimeisoma mara nyingi kwa ajili ya tasnifu yangu, na kila mara naona wanachokiogopa waandishi wake ni mtaa wao wenyewe.

Brigedi ya Belfast ilikuwa na batalioni tatu: ya kwanza upande wa Andersonstown, ya pili Falls ya chini, ya tatu Ardoyne na vitongoji vingine vya Wakatoliki. Chini yake kulikuwa na kombania, kila moja na kamanda, msaidizi wake, mtunza silaha na afisa upelelezi. Mpangilio ulifanana sana na wa jeshi la Uingereza, adui wenyewe. Lakini kombania hasa ilikuwa ni mtaa. Wanajeshi wakiingia, wanawake waligonga vifuniko vya mapipa ya taka barabarani, na vijana walijua mlango upi utafunguliwa.

Basi siri gani hiyo? Aliyekamatwa aliweza kushikiliwa hadi siku saba bila mashtaka, na ripoti inakiri kwamba siku hizo zilikuwa zinawavunja watu. Kijana mmoja akisema, kombania nzima iko hatarini, maana amekua nao.

Dawa iliyopendekezwa ni seli za watu wanne, wasiojulikana, zenye kazi maalumu. Silaha zibaki mikononi mwa brigedi. Seli ifanye kazi nje ya mtaa wake kila inapowezekana. Armagh Kusini hawakuukubali sana mpango huo. Huko batalioni ziliendelea, na undugu ulikuwa ulinzi tosha.

Wasomi wengi huyaita mageuzi hayo suala la ufanisi. Mimi namfikiria Jean McConville, mama wa watoto kumi, aliyechukuliwa na IRA kutoka magorofa ya Divis Desemba 1972, akauawa na kuzikwa kwa siri. Mwili ulipatikana 2003. Mmoja wa wanawe, aliyekuwa mtoto siku ile, alisema mwaka 2014 kwamba baadhi ya waliomchukua mama yake anawajua, walikuwa majirani, ila hatawataja kwa polisi. Alihofia wanawe wangepigwa risasi.