Mwendo wa Kasi na Safari ya Kila Siku

Ukisimama kando ya barabara kuu, msomaji, ikapita motokaa ya mbio, fupi kwa kimo, iking'aa na kunguruma, hapana shaka moyo wako utaifuata. Lakini kabla haijapotea machoni jiulize swali moja: je, mwenyewe aweza kuipanda kesho asubuhi kwenda kazini, akapitia sokoni kununua unga, akawachukua watoto shuleni, na kesho kutwa akafanya vivyo hivyo tena? Swali hili ni jepesi kuuliza, lakini wahandisi wa Ulaya na Japani walilihangaikia miaka mingi, na majibu yao ndiyo historia ninayotaka kukusimulia.

Ugumu wenyewe ni huu. Karibu kila sifa inayoipa motokaa kasi hugeuka kuwa adha katika matumizi ya kawaida. Ili ipasue upepo, yapasa iwe ya chini. Lakini gari la chini hugonga mawe na matuta. Ili iwe nyepesi, yapasa viti viwe vichache. Lakini abiria na mizigo hukosa mahali. Ili iwe na nguvu, injini yapasa kuzunguka upesi mno. Lakini injini ya namna hiyo huchemka inapotambaa pole pole mjini. Basi anayetaka gari la namna hii ni kama mtu atakaye kisu kimoja, cha kupigania vita na cha kumenyea viazi.

Tutazame kwanza Mercedes-Benz 300 SL, iliyoonyeshwa New York mwaka 1954. Motokaa hii ilitokana na gari la mashindano, na iliweza kwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Milango yake ilifunguka kwa kuinuliwa juu, mfano wa mabawa ya ndege. Watu waliustaajabia urembo huo, kumbe haukuwa urembo bali lazima. Mifupa ya gari ilikuwa mabomba ya chuma yaliyopita juu ubavuni, hata mlango wa kawaida usiweze kuwekwa. Mwenye kuingia alipaswa kuukunja usukani, akakivuka kizingiti kipana, ndipo akaketi. Vioo vya milango havikuteremshwa, kwa hiyo siku ya jua kali joto lilikuwa jingi ndani. Tena, kama gari liliendeshwa safari fupi fupi tu, petroli isiyoungua ilishuka ikachanganyika na oili na kuiharibu. Kwa maneno mengine, gari hili lilidhurika kwa kwenda dukani. Wahenga walinena kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ingawa kipande hiki kilikuwa na mbio ajabu.

Jibu la pili lilitokea Ujerumani vile vile. Mwaka 1963, katika maonyesho ya Frankfurt, kiwanda cha Porsche kilileta gari lililoitwa 901. Wafaransa wa Peugeot walipinga, kwa kuwa wao ndio waliozoea kuyaita magari yao kwa tarakimu tatu zenye sifuri katikati. Basi mwaka 1964 jina likageuzwa kuwa 911. Injini yake ya silinda sita ilikuwa na nguvu za farasi 130, nayo iliwekwa nyuma kabisa na kupozwa kwa hewa, si kwa maji. Nyuma ya dereva palikuwa na viti viwili vidogo vya kutosha watoto, na mbele, chini ya boneti, palikuwa na mahali pa mizigo. Dereva aliketi wima akaona vizuri pande zote. Wala usidhani gari hili lilikuwa kamili. Uzito wa injini ulielemea nyuma, na dereva aliyetoa mguu ghafla katika kona aliweza kuona mkia wa gari ukitaka kutangulia kichwa. Waundaji hawakuikana kasoro hiyo. Katika magari ya mwaka 1969 waliyarudisha magurudumu ya nyuma kidogo, ili uzito ugawanyike vizuri zaidi.

Lakini barabara laini za Ulaya hazitoshi kuwa hakimu. Hakimu mkali alikuwa huku kwetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Baadaye yakajulikana ulimwenguni kwa jina la Safari. Kanuni yake ya kwanza yafaa kukumbukwa: magari yalitakiwa yawe kama yale yauzwayo dukani, na makundi yaligawanywa kwa bei ya gari, si kwa ukubwa wa injini. Naam, mshindani alipimwa kwa kile ambacho mwananchi angeweza kununua.

Na ni nani walioshinda? Volkswagen, gari dogo lenye umbo la mbawakawa, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano mengine. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, mvua za masika ziligeuza njia kuwa matope, hata magari saba tu yakafika mwisho, kati ya zaidi ya themanini yaliyoondoka. Mara zote mbili aliyetangulia alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari ambalo wazee wengi wa Kenya walilijua kuwa ni la kubebea jamaa na mizigo.

Magari ya mbio nayo yalikuja kujaribu. Porsche 911 ilipata nafasi ya pili mwaka 1972, ikapata ya pili tena mwaka 1974, na ya pili tena mwaka 1978; ushindi ukaiponyoka katika miaka hiyo yote. Kumbe gari la mbio lililovunja mwiko lilitoka Japani. Datsun 240Z, iliyotolewa mwaka 1969, ilikuwa ya viti viwili, yenye injini ya silinda sita iliyo nyepesi kwa fundi kuitengeneza, na bei yake ilikuwa chini sana kuliko ya Porsche. Edgar Herrmann aliishindia mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Huo ulikuwa ushahidi kwamba wepesi na uvumilivu vyaweza kukaa nyumba moja.

Wajapani hawakukomea hapo. Mwaka 1990 kampuni ya Honda ilianza kuuza NSX, ambayo bodi yake nzima ilikuwa ya alumini, na injini ya nguvu za farasi 270 hivi iliwekwa nyuma ya viti. Dereva wake aliiona njia vyema, wala hakuhitaji fundi kumfuata nyuma kila aendapo. Magari ya fahari ya Italia yalikuwa yamewazoeza wenyewe joto, kishindo na matengenezo ya mara kwa mara. NSX iliwauliza kwa nini waliyavumilia hayo.

Basi, msomaji, siku moja huenda ukapewa nafasi ya kuchagua. Usianze kwa kuuliza gari laenda kasi gani, maana kasi hiyo hutapata mahali pa kuitumia ila mara chache, na sheria haitakuruhusu. Uliza kwanza, je, litavuka tuta la mtaani kwangu bila kukwaruza tumbo? Nitaona nyuma ninaporudi kinyumenyume? Litastahimili saa nzima ya msongamano katika jua? Vipuri vyake vyapatikana, na yuko fundi wa karibu aijuaye injini hiyo? Na nikiisha kulilipia, zitabaki fedha za matairi, breki na bima? Gari likiyajibu maswali hayo yote vizuri, ndipo uulize habari ya mwendo. Likishindwa kuyajibu, litazame linapopita, ulisifu, kisha uendelee na safari yako.