Moto Ulioitwa Gomora

Mazungumzo ya redio. Somo: Mwanzo 18:20–33

Mlio na Biblia karibu, fungueni Mwanzo sura ya 18, pale Ibrahimu anaposimama mbele za Mungu kuuombea mji ambao si wake.

Mwezi wa Julai 1943, ndege za Uingereza, zikisaidiwa na za Marekani, zilianza kuupiga mji wa Hamburg huko Ujerumani. Wakuu wa vita waliipa kazi hiyo jina la Biblia: Gomora. Usiku wa tarehe 27 mabomu yaliwasha mitaa ya wafanyakazi, moto ukavuta upepo wa dhoruba, na waliojificha vyumbani chini ya ardhi wakafa kwa joto na kwa kukosa hewa. Waliokufa siku zile walipita 30,000. Februari 1945 ikawa zamu ya Dresden, watu wapatao 25,000. Nadhani aliyechagua jina lile alisoma sura ya 19, yenye moto, akairuka ya 18.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hujikwaa. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Hitler iliua Wayahudi milioni sita, na kati yao watoto walikuwa zaidi ya milioni moja. Hao hawakufa kwa sababu walikaa karibu na kiwanda au reli. Walitafutwa nyumba kwa nyumba, nchi baada ya nchi, wakapakiwa katika mabehewa, wakapelekwa Auschwitz na Treblinka kuuawa kwa gesi, kosa lao ni kuzaliwa Wayahudi. Wengine walipigwa risasi kando ya mashimo. Mtu akikwambia kwamba Hamburg na Auschwitz ni sawasawa, kwa hiyo deni limefutwa, usimkubalie. Mabomu yalikoma Ujerumani iliposalimu amri. Kazi ya Auschwitz ilikusudiwa iendelee hadi Myahudi wa mwisho. Lakini akija mwingine kusema kwamba, kwa kuwa Hitler alikuwa mwovu, mtoto wa Hamburg hakuwa na thamani, huyo naye usimkubalie.

Alikuwako mtu aliyeyashika yote mawili. Askofu George Bell wa Chichester, wa kanisa letu la Anglikana, aliwasaidia waliokimbia mateso ya Hitler tangu miaka ya 1930, wakati wengi walinyamaza. Tarehe 9 Februari 1944 mtu huyo huyo alisimama katika Baraza la Malord akaiuliza serikali yake kwa haki gani inachoma miji mizima pamoja na wakazi wake. Hakupendwa kwa swali hilo. Wengi wanaamini ndilo lililomnyima uaskofu mkuu wa Canterbury.

Nanyi mlioko Manga na Kitutu yote, msidhani habari hizi ni za Wazungu peke yao. Januari 1908 Otenyo, kijana wa Kitutu aliyetiwa moyo na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa wa serikali, Northcote, ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, hata baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Hata hivyo askari wa King's African Rifles waliletwa. Nyumba zikachomwa, mazao yakaharibiwa shambani, ng'ombe zaidi ya 5,000 wakatekwa, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Mkuki ulikuwa mmoja. Ni wangapi kati ya waliokufa waliowahi hata kumwona Nyarigoti?

Simu za kutangaza ushindi huo zilifika London kwa Naibu Waziri wa Makoloni, kijana wa miaka 33. Aliandika kwamba hakupenda namna taarifa hizo zilivyosema, akauliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua kwa wingi hivyo watu wasio na kinga. Jina lake ni Winston Churchill. Ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu Hamburg na Dresden zilipoungua. Machi 1945 aliandika tena, akitia shaka juu ya kupiga miji ili kuwatia watu hofu tu. Wakuu wa jeshi la anga walipolalamika, akaiandika upya kwa maneno laini. Mara mbili kalamu yake iliuliza swali jema, na mara zote mbili majivu yalikuwa yamekwisha kupoa. Ibrahimu aliuliza kabla. Wakiwamo hamsini je? Wakiwamo kumi je?

Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, nyumba ziliwaka mpakani mwa Borabu na Sotik, za Abagusii na za Wakipsigis. Kila upande ulikuwa na neno lake, nalo lilikuwa moja: walianza wao. Hata makanisani lilisemwa, na waliolisema walikuwa wameshika Biblia yenye sura hii ya 18. Mwenye kiberiti hakusimama mlangoni kuhesabu waliomo ndani, kama wamo kumi, kama yumo mmoja.

Someni pia sura ya 19, mstari wa 27 na wa 28. Ibrahimu aliamka asubuhi na mapema, akaenda mahali pale aliposimama jana kuomba, akatazama upande wa Sodoma na Gomora, akauona moshi. Maandiko hayasemi kwamba alishangilia.