Ujuzi na Madaraka: Mafunzo ya Wahandisi Vijana wa Manowari Nchini China, 1866–1895

Katika mapambano ya kujenga uchumi wa kujitegemea, inasemwa mara kwa mara kwamba nchi zilizotawaliwa ziko nyuma kwa sababu ya upungufu wa wataalamu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni suala la kisiasa: mtaalamu anafundishwa chini ya utawala wa tabaka gani, na ni nani anayeamua matumizi ya kazi yake? Historia ya shule ya wanamaji ya Fuzhou, kusini-mashariki ya China, inatupatia jibu.

Mwaka 1839 Uingereza iliivamia China ili kulinda biashara yake ya kasumba. Meli za mvuke za mabeberu zilipanda mito ya China bila kusubiri upepo, na majahazi ya vita ya Wachina hayakuweza kuzizuia. Katika vita vya pili, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliingia Beijing mwaka 1860. Baada ya vipigo hivyo, baadhi ya watawala wa ufalme wa Qing walitambua kwamba kununua silaha tu hakutoshi. Mwaka 1866 Zuo Zongtang, gavana mkuu wa majimbo ya Fujian na Zhejiang, alipata kibali cha kujenga kiwanda cha kuunda meli pamoja na shule huko Mawei, kando ya mto Min. Usimamizi alikabidhiwa Shen Baozhen. Walimu na mafundi wengi walitoka Ufaransa, wakiongozwa na Prosper Giquel, kwa mkataba wa miaka 5. Shabaha ya mkataba huo ilikuwa moja: Wachina wafundishwe mpaka waweze kuunda meli na kuziendesha wenyewe.

Mafunzo yaligawanywa katika sehemu mbili. Sehemu ya Kifaransa ilifundisha uundaji wa meli na uchoraji wa mitambo. Vijana walisoma hesabu, fizikia na mekanika, kisha wakaingia karakanani kufanya kazi kwa mikono pamoja na mafundi. Sehemu ya Kiingereza ilifundisha unahodha na uendeshaji wa mitambo ya mvuke. Miongoni mwa waliochukuliwa kwa kazi ya mitambo walikuwamo vijana waliokwisha kufanya kazi za chuma katika viwanda vya Hong Kong na Shanghai. Hawa walikuwa wafanyakazi kabla ya kuwa wanafunzi.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1874, Wazungu wengi waliondoka na kazi ikaendelea. Mwaka 1877 wahitimu walipelekwa Ulaya kuongeza elimu, waundaji Ufaransa na manahodha Uingereza. Waliporudi walionyesha walichojifunza. Mwaka 1888 kiwanda cha Mawei kilishusha majini manowari yenye deraya, ambayo baadaye iliitwa Pingyuan, iliyoundwa chini ya wahandisi wa Kichina. Kwa hiyo hoja kwamba Wachina hawakuweza kumudu sayansi ya kisasa haina msingi.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Kasoro ilikuwa katika mfumo wa utawala. Makabaila walitaka mashine mpya zilinde madaraka yao ya zamani. Njia ya kupata cheo kikubwa iliendelea kuwa mtihani wa serikali uliopima maandiko ya kale, na mtihani huo haukufutwa mpaka mwaka 1905. Mfano wa Yan Fu unatosha. Aliingia shule ya Fuzhou akiwa kijana aliyefiwa na baba, akasoma Greenwich kuanzia mwaka 1877, akarudi kufundisha wanamaji Tianjin. Hata hivyo, mtaalamu huyo aliona hana budi kukaa tena na tena katika mtihani wa maandiko ya kale ili apate hadhi mbele ya watawala, na kila mara akashindwa.

Matokeo yalionekana tarehe 23 Agosti 1884. Manowari za Ufaransa chini ya Admeri Courbet zilikuwa zimekaa wiki kadhaa ndani ya mto Min, karibu kabisa na kiwanda, huku maofisa wakisita kuchukua hatua. Siku hiyo Wafaransa walifyatua mizinga, na kwa muda usiofikia saa moja sehemu kubwa ya kikosi cha Fujian iliangamizwa. Kesho yake walikipiga kiwanda ambacho Wafaransa wenzao walisaidia kukijenga. Kikosi cha kaskazini hakikuja kusaidia, kwani kila kiongozi alikihesabu kikosi chake kuwa mali yake.

Somo hilo halikuzingatiwa. Fedha za jeshi la wanamaji zilitumika pia kujenga kasri la Malkia Cixi. Mwaka 1894 Japani iliishinda China katika vita vya baharini vya Yalu. Pingyuan ilipigana humo, ikatekwa mwaka 1895, ikatumikia jeshi la Japani, na mwaka 1904 ikazamishwa na bomu la baharini katika vita dhidi ya Urusi. Kazi ya mikono ya wahandisi wa Mawei iliishia kutumikia ubeberu mwingine.

Historia hii inasahihisha makosa mawili. Kosa la kwanza ni la wale wanaodhani siasa peke yake inaweza kuwasha boila. Hao wanadharau ujuzi. Kosa la pili ni la wale wanaodhani cheti kinaondoa unyonge. Hao wanasahau suala la madaraka. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa makosa yote mawili. Na vijana wa Tanzania na Zambia waliopelekwa Beijing miaka ya 1970 kusomea uhandisi wa reli ya TAZARA walifundishwa na nchi iliyoonja kwanza gharama ya ujuzi usiokuwa na umma nyuma yake.

Kwa hiyo kila mpango wa mafunzo unapoletwa mbele yetu, ni wajibu wa kada kuuliza: Je, mgeni akiondoka, kazi itaendelea? Je, anayeshika spana ana sauti katika maamuzi? Je, matunda ya kazi yake yanamfikia mkulima na mfanyakazi? Kada asiyeuliza maswali hayo atahesabu wahitimu kila mwaka, na nchi itabaki pale pale.